Chai Inayotokea Puani

Kavugho aliuza makayabu, samaki wa chumvi, katika soko la Mangobo. Shavu lake lilifungwa kitambaa. Jino la juu, la nyuma kabisa, lilikuwa limeoza.

Vita vilimtoa Kirumba, huko Kivu, vikamleta Kisangani. Mjini humu namo askari walisaka wapelelezi, na mtu wa Kivu alitazamwa mara mbili. Pikipiki ikilia, Kavugho aliangalia juu, akidhani ni droni.

Daktari Simone wa kliniki ya meno alimpiga picha moja ya jino, kisha akataka nyingine kabla ya kuling'oa, kwa mashine inayozunguka kichwa. Kavugho akatoka mbio.

"Jino moja, kichwa nzima ya nini, Papa Juma?" alimwambia jirani yake, mshona viatu kutoka Maniema. "Wanataka sura yangu. Kesho itafika kwa biro ya usalama: huyu ametoka Kivu! Afadhali Maurice, ule wa kung'oa meno hapa sokoni, na koleo yake. Yeye haulizi kitu."

 Juma alikunywa funda la chai, akainama. Chai ikachuruzika puani.

"Yesu wangu!"

"Kazi ya Maurice hiyo," alisema Juma akijifuta. "Ndani ya mufupa ya shavu, juu ya meno ya nyuma, kuko chumba ya hewa. Muzizi yangu ilifika pale. Maurice alivuta bila kuona, akatoboa. Bon, uende kwake. Tutakunywa chai na pua, wote wawili."

Asubuhi Kavugho alienda kliniki, lakini moyo haukuenda naye. Alipoulizwa jina, alisema Odile, kwa maana jina la Kavugho linataja kwao. Aliitwa weee, hadi akakumbuka kwamba Odile ni yeye.

Mashine ilimzunguka ikilia kama droni. Akafumba macho. Ikanyamaza kabla hajamaliza Salamu Maria.

"Nionyeshe hiyo sura yangu," alisema kwa ukali.

Simone akageuza kioo cha kompyuta. Ilikuwa mifupa mitupu. Daktari aliizungusha mbele, kando, chini.

"Uso iko wapi?"

"Uso ya nini, mama? Natafuta muzizi. Picha ya kwanza ilikuwa kama kivuli kwa ukuta: muzizi na chumba ya hewa vinalaliana, sijui nani iko mbele. Hii inaonyesha kila upande. Angalia, muzizi huu umeingia. Mufupa hapa iko mwembamba kama ganda ya yai."

"Alors, unaacha jino?"

"Apana, iko na usaha. Lakini sitavuta kwa nguvu. Nitalikata, nitoe muzizi moja moja, nishone. Na wewe usipenge kamasi mpaka nikuruhusu."

Kavugho aliitazama ile mifupa. Hata mama yake mzazi asingemtambua.

"Daktari," alisema polepole, "futa Odile. Andika Kavugho. Kama ni kukata, umukate mwenye jino."

Kidonda kilipopona, Juma alimletea chai, akamkodolea macho puani. Kavugho akanywa, akainama. Wakangoja. Hakuna hata tone.

"Aa! Sasa mimi ninabaki peke yangu?"

"Simama, Papa Juma, twende. Simone anajua kuziba tundu," alisema Kavugho, akimnyang'anya kikombe. "Na ukifika, useme jina yako ya kweli."