Miwani ya Lusia

Mguu wa Lusia haukujua kutulia. Hata akila ugali, ulicheza chini ya meza mpaka mama yake, Bernadina, akamgombeza. Jumamosi hiyo ndiyo ilizidi. Alifagia uwanja upesiupesi, akaosha vyombo nusu nusu, akatoka mbio kumpitia jirani yake Mwasiti. Klabu ya sayansi ya darasa la sita ilikuwa inakwenda chuo cha ufundi, pale Shinyanga mjini, kujifunza kuonyesha mashine ya Mwalimu Stanslaus, mlezi wa klabu, kwenye maonyesho ya Geita. Lusia aliitaka safari ya Geita kuliko nguo ya Krismasi.

Mwalimu Stanslaus aliwagawia miwani nyeusi, kisha akawasha mashine.

"Mawimbi ya maikrowevu, ndugu wa yale yanayopasha chakula, yanapiga gesi iliyomo kwenye bomba hili la kioo," alieleza. "Gesi hiyo inageuka plazma, yaani gesi inayong'aa yenye chaji za umeme, inachomoza nje kama mwale."

Mwale wa zambarau ulichomoza mrefu, ukaunguza kipande cha ubao. Mwalimu akazungusha kitufe. Mwale ukafupika.

"Sasa nguvu haimwagiki mfululizo. Inakuja kwa mapigo. Inapiga, inapumzika, inapiga tena, upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. Kule kupumzika ndiko kunakopunguza joto." Akapitisha kidole katikati ya mwale, haraka. Watoto wakapiga kelele, lakini kidole kilitoka kizima. "Ila miwani haivuliwi. Atakayeivua, Geita asahau!"

Mwalimu alipogeuka kuchora ubaoni, Lusia alimsogelea Mwasiti.

"Mimi nataka kuuona mwale ukipumzika. Miwani inaficha."

"Si amesema tusivue?"

"Wewe nawe! Moto hauunguzi hata kidole, utafanya nini jicho? Vua, tuone nani atawahi."

Wakavua, wakakodoa macho karibu kabisa na ule mwale. Hawakuona mapumziko yoyote.

Jua lilipokuchwa, Lusia alihisi kama ametiwa mchanga machoni. Mama alipomuuliza, akajibu, "Vumbi tu, mayu." Kwa vumbi la Shinyanga, nani angebisha?

Asubuhi mama alimtuma kwa akina Mwasiti kuomba chumvi. Alimkuta Mwasiti mkekani, macho yamevimba, machozi yanamtiririka. Mama yake, Mama Mwasiti, alikuwa anatwanga majani ya mwarobaini kwenye kinu kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usimsogelee mwenzio. Haya ni macho mekundu, yataambukiza mtaa mzima. Namkamulia matone ya mwarobaini, yatayakausha."

Lusia akamtazama rafiki yake. Mwasiti alitikisa kichwa kidogo, kumaanisha asiseme lolote kuhusu miwani. Alikuwa anamlinda! Lusia akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaenda mlangoni, akarudi, akakaa kwenye kigoda, akainuka. Akisema, Geita basi. Akinyamaza, maji yale machungu yataingia kwenye macho ambayo tayari yameumia. Mama Mwasiti akachovya kitambaa, akakiinua juu ya uso wa binti yake.

"Mama, usitie!" Lusia alipiga ukelele. "Si macho mekundu! Tulivua miwani kule chuoni. Mimi ndiye niliyemshawishi. Na mimi yananiuma!"

Kitambaa kilianguka chini. Mama Mwasiti alimtazama kwa hasira, halafu akajifunga kanga kiunoni, akawashika wote wawili mikono, wakaenda zahanati.

Mganga aliwachunguza, akawapa dawa ya macho, akawaamuru wakae mbali na mwanga mkali hadi yapone. "Mwanga mkali ndio uliowaunguza," alisema. "Mngeongezea maji ya majani, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mwalimu Stanslaus alipopata habari, alikuja nyumbani kwa Lusia kesho yake.

"Nina kosa langu, niligeuka wakati mashine inawaka," alimwambia Bernadina. Kisha akamgeukia mtoto. "Lusia, ulielewa nusu ya somo, ukajiona umemaliza. Mapigo yanapunguza joto, ndiyo. Lakini kila pigo linapokuja, linakuja na mwanga wake wote, na mwanga huo una miali ambayo jicho haliioni. Huoni kinachokuumiza. Sasa, adhabu ipo pale pale. Mwasiti nimemsamehe kwa kuwa ulimshawishi, lakini wewe hutaonyesha mashine."

Lusia aliinamisha kichwa, akalia.

"Lakini jana ulijua utakosa safari, na bado ukasema," Mwalimu aliendelea. "Kwa hiyo utakwenda. Nina kazi inayomtaka mtu wa namna hiyo."

Huko Geita, macho yakiwa yamepona, Mwasiti alieleza mashine mbele ya watu, na Lusia alisimama mlangoni mwa banda na sanduku la miwani. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu, mzee mwenye kitambi, alitaka kupita bila kuvaa.

"Binti, nasikia moto wenyewe ni wa baridi."

"Shikamoo, baba. Ni wa baridi kwa kidole. Kwa jicho si wa baridi, mimi uliniunguza."

Mzee akacheka, akasubiri apishwe. Lusia hakumpisha. Alisimama pale amemnyooshea miwani, mguu umetulia tuli, hadi mzee akaivaa.

Mwalimu Stanslaus aliyaona yote. "Umeona?" alimnong'oneza Mwasiti. "Aliyekiri kosa lake ndiye ninayeweza kumkabidhi macho ya watu."