Kiu ya Illuminée

Wiki ile Théoneste na mkewe Mukashema walipoanza kupanga safari ya Mombasa, chai ya nyumbani kwao Gikondo, Rwanda, ikawa na chumvi. Mukashema akalaumu sukari ya dukani, akanunua nyingine. Chumvi haikutoka.

Ilikuwa 1992. Jumba moja la sanaa kando ya bahari lilikuwa limenunua picha ya Théoneste, mwanamke amelala na midomo imekauka, likawaalika wote wawili waje kuiona ukutani. Mukashema, mwenye mimba ya miezi sita, alikwisha kushona gauni la safari. Midomo ile ilisifiwa na kila mtu. Théoneste hakusema kwamba ni ya Illuminée, marehemu mke wake wa kwanza, aliyeomba maji saa nzima huku yeye akimwambia atulie amalize kuchora. Alipoleta kikombe, mnywaji hakuwepo tena. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa amekwisha kuingia ndani.

Tiketi zilipofika, mtungi ukaanza kunuka mwani na samaki, na mchana kweupe ukasikika ulimi ukiramba midomo mikavu nyuma ya pazia, taratibu, kisha karibu zaidi, kisha karibu kabisa na shingo ya Mukashema, naye akalikumbatia tumbo lake asithubutu kugeuka.

Théoneste akakimbilia kwa shekhe mmoja wa Rwezamenyo, akaungama yote.

“Utamimina maji, utamuita na jina lake,” shekhe akanong'ona. “Lakini ni wewe unaonja kwanza. Usipoonja, atachukua mwenye ataonja.”

Hilo halihitaji shekhe. Rwanda nzima inajua kwamba mwenyeji asiyeonja kinywaji cha mgeni amekusudia sumu.

Jioni Théoneste akamimina, akaita. Maji yakanuka kidonda. Mwoga yule akakiweka kikombe chini bila kukitia mdomoni. Nyuma ya pazia kukawa kimya.

Mukashema, aliyekuwa akitazama, hakuwa ameambiwa onyo la shekhe. Alimhurumia mumewe.

“Leta, cheri. Mimi nitaonja.”

Théoneste angeweza kumzuia. Alinyamaza.

Mukashema akanywa mpaka tone la mwisho. Hapo koo la Théoneste likakauka, akaanguka mkekani akiomba maji. Mkewe akavuta kiti, akaweka karatasi juu ya tumbo lake, akachonga penseli bila haraka.

“Tulia,” akasema kwa sauti ya Illuminée. “Bado midomo.”