Mkulima Namba 212

TAARIFA YA HITILAFU NDOGO ISIYOATHIRI UTENDAJI KATIKA KIFAA KIMOJA (1) CHA TEHAMA. Hivyo ndivyo Bwana Nelson, mtendaji wa kata, alivyoliandika jambo hili kabla halijamaliza kutokea. Akaligonga muhuri, akaenda zake Mbeya kwenye semina ya utunzaji wa kumbukumbu. Kata yenyewe haitatajwa hapa, kwa sababu bado anasubiri kupandishwa cheo.

Kifaa kilikuwa kompyuta ya mezani, ya dukani, zile zinazouzwa zimefungwa kila kitu, na stika nyuma inayotishia kwamba ukifungua kasha dhamana imekufa. Ilinunuliwa kwa ajili ya kuhuisha orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku, nayo ilikuwa na mwendo wa barua ya serikali. Vaileth, karani wa usajili, akibonyeza kitufe cha kuhifadhi aliweza kumenya ndizi za mchana kabla haijamjibu. Na mfumo ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, nchi nzima, mpaka msimu ujao. Akaitwa Fred, fundi kutoka Mbeya.

"Prosesa hii kiwandani wameifunga breki, dada," Fred alisema siku ya Jumatano. "Mimi nazilegeza."

"Ikipinduka je?"

"Haipinduki. Ikizidiwa itachemka, itajizima, tutapunguza. Kompyuta ukiikimbiza kupita kiasi huwa inalalamika yenyewe, kwa joto."

Ikakimbia kweli. Alhamisi, kabla ya chai, Vaileth alikuwa amehuisha wakulima mia mbili na kumi na moja. Alipofika mstari wa 212 skrini ikageuka bluu, mashine ikazimika, ikajiwasha. Akarudia. Ikazimikia palepale.

Fred akatazama kipimo cha joto, akatabasamu lile tabasamu la fundi anayejua tatizo, kisha tabasamu likamganda usoni. Kompyuta iliyokimbizwa husoma sabini, themanini. Hii ilisoma kumi na nne. Akaongeza kasi kidogo kujaribu. Kumi na moja. Akagusa kasha; bati lilikuwa na umande, na kupitia matundu ya feni ilitoka harufu ya koti lililoloa mvua likaanikwa juu ya moshi, na ugoro ndani yake.

"Kipimo kibovu," alisema, kwa sauti ya mtu anayejisomea taarifa.

Ijumaa asubuhi akafuata taratibu zote. Akapunguza kasi hatua kwa hatua. Akabadilisha ramu. Akatoa ile betri ndogo ya kwenye ubao ili mashine isahau kila alichoifundisha, akairudisha, ikaamka na mwendo wake wa zamani wa barua. Ikafia kwenye mstari wa 212. Sasa feni ilikuwa na kitu kipya: ilizunguka, ikakwama, ikakohoa.

"Imerudi kama ilivyotoka dukani," Fred akasema. "Bado inafia hapo. Halafu dada, mstari huu mbona mtupu? Kuna namba, jina hakuna."

Vaileth akaanza kupanga upya fomu zilizokwisha kupangwa.

Jibu lilikuwa jina, na jina lilikuwa la baba mkwe wake. Vaileth aliolewa kwenye nyumba inayoshika mila. Mke wa mtoto halitamki jina la mkwe, hamtazami usoni, hapiti mbele yake. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia kwenye migomba na kujifunika mpaka apite. Msimu uliopita, orodha ya karatasi ilipofika namba 212, vidole vyake vilifanya vilichofundishwa: viliruka. Alikusudia kumwomba mtu mwingine aliandike. Akasahau.

Mzee alikuja ofisini mara tatu kufuata mbolea yake, kwa miguu, kipindi cha mvua. Mara zote tatu Vaileth alijificha chumba cha faili kwa heshima, na mara zote tatu Bwana Nelson alimwambia mzee, "Mfumo haukutambui." Safari ya tatu alirudi na kifua. Alizikwa mwezi wa tatu.

Saa sita Fred alikwenda Msasani, ile ya hapa wilayani, kutafuta pawa saplai nyingine. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Vaileth alibaki peke yake, akitazama saa, kwa kuwa alikuwa na mtoto wa miezi saba nyumbani na muda wa kunyonyesha ulishapita. Alisimama, akachukua mwavuli, akapiga hatua mbili.

Mtu akakohoa mlangoni.

Haikuwa feni. Kilikuwa kikohozi cha mwanaume mtu mzima anayebisha hodi kwa adabu, ili mke wa mtoto wake apate nafasi ya kujificha. Naye akajificha. Kabla hajafikiri lolote alikuwa chini ya meza, kanga kichwani, uso ukutani.

Mlango ulikuwa wazi. Hili lieleweke, maana baadaye watu waliuliza kuhusu kufuli. Ulikuwa wazi mchana kutwa, na nje kulikuwa na barabara, na barabarani watu.

Fred aliporudi saa nane alipita mlangoni akitetemeka. "Hapa kizingitini kama ndani ya friji. Dada? Unatafuta nini huko?"

"Nitoe, Fred."

"Si utoke! Mlango huo hapo."

"Kuna mkwe wangu," alinong'ona.

Fred akageuka. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na alama mbili za viatu vya mvua, zimejaa maji, na maji yalikuwa yanaongezeka. Akamshika Vaileth mkono amvute. Hatua ya tatu kikohozi kikaja karibu, puani pakajaa ugoro, miguu ya Vaileth ikamkatalia kama miguu ya mtu mwingine, akarudi chini ya meza akitambaa, blauzi imeloa maziwa.

"Niitie Shangazi Esnath, sokoni, anauza ndizi," alisema. "Ni dada yake."

Fred hakuuliza dada wa nani. Alitoka mbio.

Esnath alifika saa kumi. Hakuja mlangoni. Alisimama nje ya dirisha, nyuma ya nondo, akanusa.

"Ndiye," akasema, kisha akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Ndaga, kaka. Na kufa umekufa na ugoro wako." Kisha kwa sauti ya chini, "Wewe mke wa Gidion. Anataka kuandikwa."

"Mwambie Fred aandike, shangazi. Mtajie jina."

"Fred ndiye aliyemruka?"

Vaileth akavuta kanga hadi puani.

"Aliyemruka ndiye amwandike. Na ufanye upesi. Huo mfumo wenu ukifungwa hajaandikwa, atasimama hapo mpaka ufunguliwe mwakani. Nawe utakaa hapo hapo chini."

Vaileth akapanda kitini macho yamefumbwa, akatafuta herufi kwa kupapasa, na kila herufi ilikuwa nzito kama kumvua mtu mzima nguo hadharani: A, M, B, I, mpaka jina zima likakaa kwenye mstari, Ambindwile, na kwa mara ya kwanza mashine haikuzimika. Ikatoa mlio. Fred, aliyekuwa dirishani, akausoma ujumbe polepole.

"Inasema mkulima ni mpya. Inataka aweke kidole."

Kidude cha kusomea vidole kilikuwa mezani, shubiri moja kutoka mkono wa Vaileth.

"Usifungue macho," Esnath akanong'ona. "Akija mezani, mlango utakuwa mtupu. Ukisikia kidude kimelia, toka."

Akasikia kiatu cha mvua kikitoka kizingitini, kikifyonza maji, kisha cha pili, na hatua zile hazikuwa na haraka hata kidogo, zilikuwa hatua za mtu aliyekwisha kutembea njia hii mara tatu bure na sasa ameitwa kwa jina lake, zikaja zikapita kabati la faili, zikapita kiti cha wageni, zikasimama ubavuni pake ambapo mkwe hapaswi kusimama, na koti lililoloa likagusa bega lake, likapita juu ya mkono wake, na baridi yake ikampanda hadi kwenye meno, na pumzi yenye ugoro ikatua shingoni, ikitulia, kama ya mtu anayejaribu kusoma jina lake kwenye skrini bila miwani.

Kidude kikalia.

Vaileth alikimbia bila kufungua macho, akajigonga kwenye kabati, akauona mlango kwa mikono, akatoka. Esnath alimdaka barabarani.

Mzee Ambindwile alisajiliwa Ijumaa saa kumi na dakika ishirini, miezi kadhaa baada ya kuzikwa, kwa kidole chake mwenyewe, na mfumo ukamtambua. Vaileth alitoka. Mzee hakutoka: mbolea yake ilikuwa bado.