Kromu Chini ya Dhahabu

Jumamosi asubuhi katika Soko la Malkia Victoria, Melbourne, foleni ya donati za jamu ilikuwa imefika hadi kwenye banda la soseji. Angus, kijana mwenye sweta lililotoboka kiwiko, alikuwa amekumbatia kisanduku cha plastiki kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Una nini humo?" aliuliza dada mmoja mwenye koti la mvua la njano.

"Kioo kilichopakwa madini ya fedha. Nakipeleka maabara."

"Na umesimama hapa, vitunguu vinakaangwa? Kitakuwa cheusi hicho!"

Angus akamkodolea macho. Nani sokoni anajua kwamba salfa ya vitunguu huharibu fedha? Kumbe huyo ndiye Despina, mtafiti aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa maabara hiyohiyo. Angus alilipia donati zote, na tayari alishapenda.

Wakawa wapenzi, na mwaka ukapita kwa raha. Despina akapewa kazi ya kuchagua madini ya kifaa cha plasmoni, kile kinachonasa mwanga juu ya utando mwembamba wa madini na kutambua ugonjwa kwenye tone la damu. Alilinganisha dhahabu na fedha, akachagua fedha. Kwenye mkutano wa maabara, mbele ya wote, Angus akainua mkono.

"Des, chini ya dhahabu uliweka kromu?"

"Ndiyo, ili ishike kwenye kioo."

"Na chini ya fedha?"

Despina hakuwa ameweka kitu. Kromu hufifisha mwanga, kwa hiyo dhahabu ilishindanishwa ikiwa imefungwa miguu. Despina akakusanya vitu vyake, akatoka.

Simu za Angus hazikupokelewa. Despina alilia, na si kwa ajili ya kromu. Tangu shule watu walikuwa wakimvizia akosee, na sasa mpenzi wake naye yumo?

Alipima upya, safari hii kwa gundi isiyofifisha mwanga badala ya kromu. Mwanzoni fedha ilishinda. Wiki ilipoisha ilikuwa imeingia weusi kwa hewa na kufifia, dhahabu ipo vilevile. Akapiga simu mwenyewe.

"Tunachukua dhahabu," alisema.

"Des! Mpenzi, nakufa huku."

"Hufi wewe, unatafuna. Nakusikia."

"Chipsi tu, za huzuni. Nisamehe, wazo lilinijia palepale, mdomo ukatangulia."

"Ulisema kweli, lakini uliniumiza. Nikikosea tena, niambie mimi kwanza. Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu, wewe bwana! Au hutaki kunioa?"

Kutafuna kukakoma. Despina akasikia mlango ukibamizwa, na viatu vikishuka ngazi mbiombio.

"Usikate simu," Angus alisema huku akihema. "Nakuja."