Alama ya Tatu

Jumatatu, saa nne asubuhi, Libérate alisukuma mlango wa saluni ya Aloys pale Nyamityobora, mjini Mbarara. Alitaka tu kumsalimu Mrundi mwenzake kabla ya kupanda gari la kurudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Salamu hakuimaliza. Juu ya rafu, katikati ya makopo ya mafuta ya nywele, ulikaa mpira wa ngozi uliochakaa, wenye mshono wa uzi wa buluu ubavuni. Uzi ule aliushona yeye. Na mpira ule, wiki tatu zilizopita, aliuweka, ukiwa umefungwa kwenye kitenge, kwa mikono yake mwenyewe ndani ya jeneza la mumewe, Barnabé.

Aloys alimdaka kabla hajafika sakafuni.

Kufikia jioni habari ilikuwa imeingia kambini, na njiani ilikuwa imenenepa. Barnabé katoka kaburini, walisema wengine, kaja kuutafuta uwanja. Wale wanaojigamba kuwa mizimu hawaiamini wakasema kaburi limefunguliwa na Bienvenu, seremala aliyetengeneza jeneza, kwa kuwa mwaka jana aliutaka mpira ule kwa pesa nzuri akakataliwa. Jumanne asubuhi vijana walisimama mbele ya karakana yake na kidumu cha petroli. Uwanja wa jirani ulikuwa mtupu. Tangu jana yake hakuna aliyethubutu kupiga mpira mtaa ule.

Hapo ndipo Léopold alipoitwa. Kwao Uvira, Kongo, kabla vita havijamsukuma Uganda, alikuwa mpelelezi wa polisi. Hapa Nakivale alichaji simu za watu na kuongoza kamati ya usalama ya mtaa, kazi ambayo mshahara wake ni lawama. Aliwaondoa vijana kwa maneno, kidumu akakichukua. Alipogeuka alimkuta Afande Diane, mpelelezi kutoka kituo cha polisi cha Kabingo, ameegemea pikipiki yake.

"Mzee, mimi sitaki watu wachome huyu fundi," Diane alisema. "Ijumaa nakuja na karatasi ya korti. Tunafungua kaburi, tunaangalia, maneno inaisha."

"Afande, unipatie mpaka Alhamisi."

"Alhamisi jioni, sebo, mzee wangu. Zaidi ya hapo, hapana."

Libérate aliyasikia yote kutoka mlangoni kwake. Alimshika Léopold mkono, na mkono wake ulikuwa baridi juani.

"Papa Léo, mama yangu, kaka zangu, mtoto wangu wa kwanza, wote niliwaacha kule bila kaburi. Huyu mmoja nimemzika na misa na nyimbo. Wasimguse. Nakuomba."

Léopold naye alikuwa na wake waliobaki bila kaburi ng'ambo ya pili ya mpaka. Alishindwa kumtazama. Alisema atajaribu, akaona aibu kwamba hakuwa na neno kubwa zaidi.

Kambini hapo Barnabé hakuitwa Barnabé. Aliitwa Mzee Tatu. Ujanani aliichezea timu ya taifa ya Burundi, na katika mechi moja alifunga mabao matatu, wakampa mpira aende nao nyumbani. Mwenyewe aliuchora misalaba mitatu kwa msumari wa moto, msalaba kwa kila bao. Alikimbia vita nao. Watu wengine walibeba godoro; yeye alibeba mpira.

Léopold alianzia makaburini. Siku ya maziko simenti ilimwagwa pale pale, watu wakiwa bado wanaimba, naye mwenyewe aliimba sana na vibaya. Sasa aliizunguka simenti ile kwa magoti. Haikuwa na ufa wala kiraka. Basi ama marehemu alipenya kwenye simenti, ama mpira haukuzikwa kabisa. Léopold alijiambia ni hilo la pili, lakini alipoondoka aligeuka mara mbili kutazama nyuma.

"Mama Libérate, ni nani alifunga mpira mu kitenge?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe, kitandani, siku chache kabla hajafa. Akasema nizikeni nao hivi hivi, msifungue. Sikufungua."

"Alikuwa anafanya nini kingine zile siku?"

"Kumuita Audace. Kila siku: niitieni Audace. Audace alikuja akamkuta ameshakufa." Alifuta macho. "Na aliniomba wembe akate kucha. Akajikata kidole gumba. Nilikiona kidonda wakati wa kumuosha, nikalia upya."

Audace huyo alicheza na Barnabé timu moja. Katika picha ya zamani ukutani kwa Libérate walisimama vijana kumi na mmoja, na kati yao sasa alibaki yeye tu, mzee mwembamba aliyeongoza rozari kanisani na kuheshimiwa na kila mtu.

Bienvenu alihojiwa mlango ukiwa umefungwa.

"Chef, niliutaka ule mpira, sikatai. Lakini mimi niligonga misumari tu. Na mbele ya kugonga, batu babili waliomba kubakia na marehemu. Aloys wa saluni alikaa kidogo, akalia, akatoka. Kisha mzee Audace, alisoma rozari."

"Na wewe ulikuwa fasi gani?"

"Inje, na batu bengine. Nitabakia kusikiliza sala ya mutu?"

Angeline, jirani Mkongo aliyesimamia chakula cha msiba, hakuwa na la kusema kuhusu mpira. Alikuwa na kinyongo chake.

"Batu wa kilio banaiba, Papa Léo. Nilikuwa na shu moja kubwa, nimeiweka pembeni ya maji. Nageuka, haiko. Kabichi nzima! Hata mzee Audace nilimuuliza kama ameona kitu, akapita tu na likoti lake la mvua. Jua kali vile, namuambia avue, hataki hata kunywa maji."

Léopold alicheka kwa adabu. Ilimchukua usiku kucha kuacha kucheka.

Jumatano, saa tano, alikuwa Nyamityobora. Ukuta wa saluni ya Aloys ulikuwa na picha za wachezaji waliowahi kuifungia Burundi mabao matatu katika mechi moja, picha nyingine zimekatwa magazetini, nyingine zimechorwa kwa mkono. Wateja waligombana chini yake kila siku, wengine hadi nusu ya kichwa ikibaki haijanyolewa. Picha ya Barnabé ilikaa katikati.

"Uliwahi kumuomba mpira huu," Léopold alisema.

"Kila nilipomuona," Aloys alijibu. "Akakataa. Ijumaa bodaboda akaleta gunia, akasema limetoka Nakivale, akaondoka. Nilifikiri familia imenihurumia. Sikujua kama ulipaswa kuwa kaburini, nilirudi Mbarara kabla ya kuzika. Lakini tazama huku. Hili ndilo linaniuma."

Aliugeuza mpira. Misalaba ilikuwa miwili. Pa tatu palikuwa pamekwanguliwa. Léopold alipapasa kwa kidole: palikuwa laini, pamesuguliwa, pameanza kuwa peusi kwa mafuta ya mkono.

Alikaa kwenye kiti cha kunyolea akafikiri. Mwizi wa kawaida angeuuza mpira ukiwa na misalaba yote. Aloys angeutunza na yote, maana bila mitatu hakuna hat-triki, na bila hat-triki picha haina kazi ukutani. Huyu aliuchukua mpira wa thamani, akaupunguzia thamani, kisha akautuma mahali ambapo kila mtu angehesabu. Na kujua kwamba bao moja si halali, ni lazima uwe ulikuwa uwanjani. Léopold hakuifurahia hesabu ile. Audace ndiye aliyemsimamia mjukuu wake kwenye ubatizo.

Alhamisi, saa kumi alasiri, walikaa nyumbani kwa Libérate: mwenye nyumba, Bienvenu, Angeline, Aloys aliyekuja na mpira, Afande Diane mlangoni, na Audace kwenye kiti cha mbao, koti lake magotini. Mpira uliwekwa mezani. Hakuna aliyetaka kukaa akiuelekea.

"Kaburi halikufunguliwa," Léopold alianza. "Bienvenu hana kosa. Mpira ulitoka mu jeneza mbele ya misumari kugongwa. Lakini mu kitenge tuliona kitu cha mviringo, sisi wote. Mama Angeline, shu yako ilikuwa na ukubwa gani?"

Angeline alifungua mdomo, akautazama mpira, akajishika kifua. "Yesu wangu. Tumezika shu."

"Mutu mumoja alipita jikoni na koti la mvua siku ya jua. Akaingia peke yake kwa marehemu. Akatoka, koti bado limejaa." Léopold alimgeukia mzee, na sauti ikapungua. "Papa Audace, lile bao la tatu lilikuwa la nani?"

Nje mtoto alipita akiimba. Audace aliingoja ile sauti iishe.

"Langu," alisema. "Barnabé alipiga, mpira ukawa unatoka nje. Nikaugusa kwa kichwa, kidogo tu, hapa." Aligusa juu ya jicho. "Refa hakuona. Redio ikatangaza: Barnabé, matatu. Chumbani akaniambia, kesho nitasema. Nimeingoja hiyo kesho mpaka nimezeeka. Nimekula kwake, nimesali naye, na kila watoto wakiita Mzee Tatu, mimi nasikia moja ni langu. Alipougua akaniita. Nikasema, siendi kusikiliza tena hadithi ya mabao."

"Basi ukaiba," Afande Diane alisema.

"Nikaiba, afande. Asingezikwa na bao langu. Nilikwenda na kisu cha kulikwangua."

"Na ukalikwangua," Léopold alisema.

Audace alitikisa kichwa. Alitikisa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Sikukwangua. Kwenye kitenge niliuchomoa haraka, bila kuutazama. Nilifika nyumbani, nikafungua koti, kisu nikiwa nacho mkononi. Msalaba wangu haukuwepo. Kazi ilikuwa imeshafanywa."

Mahali palikuwa pamesuguliwa, pameingia mafuta ya mkono. Léopold aliyaona yale kwa macho yake akayapita, ilhali haikuwa kazi ya kisu cha haraka.

"Wembe," Libérate alisema polepole. "Hakuwa anakata kucha."

Audace aliufunika uso kwa koti. Alieleza ndani ya koti, na ilibidi wainame kumsikia: hakuweza kulala na mpira ule nyumbani, hakuthubutu kuurudisha, akautuma kwa Aloys ili angalau watu waone ni mawili, kama Barnabé alivyotaka. Barnabé alikuwa anamuitia hilo, amuonyeshe. Siku zote zile alikuwa anamuitia hilo, na yeye hakwenda.

Diane aliuliza kama mama anataka kushtaki. Libérate aliutazama mpira, kisha akacheka, kicheko kibaya chenye machozi. "Amelala na shu. Basi alale. Kaburi lisiguswe, na huyu mzee asiguswe."

Aloys alikohoa. "Mama, nisamehe. Ile picha. Kwa mabao mawili haikai pale."

"Iacheni," Audace alisema kutoka ndani ya koti. "Nawaomba, iacheni."

Libérate alikuwa mke wa Mzee Tatu tangu usichana; jina lile lilimpa nafasi ya mbele kwenye kila harusi ya Warundi.

"Itoe," alisema. "Mwenyewe alishaitoa."

Ijumaa hakuna aliyechimba. Saa tatu asubuhi Léopold alipita kando ya makaburi na mfuko wake wa simu, akamuona Audace amekaa kwenye simenti, koti la mvua mabegani, mpira alioachiwa na Libérate ukiwa mapajani. Alikuwa akisema na kurudia, kwa sauti ya kumuamsha mtu taratibu: "Nimeona, Barnabé. Nimeona." Kutoka mtaani, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, ulisikika mpira ukigonga ukuta. Mzee alinyamaza akasikiliza, kisha akaanza tena, na Léopold akapita bila kumsalimu.