Mlango Ulioshikizwa

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu, na mshonaji alikuwa amekumbatia robota la seng'enge huku gauni lake la kijani likinaswa na miiba. Fundi wa mageti, ovaroli yake imetobolewa na cheche, akainama kumnasua.

"Dada, unafungia ng'ombe au moyo?"

Akacheka. Tangu afiwe na mumewe hakuwa amecheka mbele ya mwanaume. Kumbe karakana ya yule bwana ilipakana na ua wake. Majirani wasiojuana, ndiyo mambo ya mjini. Akampa kazi ya uzio wa mabati. Zege la nguzo halijakauka, tayari wanaitana "fundi wangu", na simu haziishi.

Ndipo mshonaji akakuta mlango mdogo kwenye uzio, upande wa karakana. Hakuuagiza. Wifi yake, ambaye mdomo wake hauna likizo, akasema mwanaume akijiwekea njia ya uani kwa mjane, nia yake inajulikana. Mshonaji akaamini. Akamwagiza fundi auchomelee usifunguke, na asimpigie tena. Bwana angeweza kujieleza, lakini kiburi kikamziba mdomo. Akachomelea.

Uzio ukazuia wezi na mbuzi. Ukazuia na salamu. Mshonaji alishona sare za shule kutwa nzima, akapika chakula cha mtu mmoja, akakila amesimama. Nyundo ya jirani ikilia, alisimamisha cherehani aisikilize. Alimkumbuka mpaka akajichukia.

Jumamosi moja upepo ulipeperusha shati la mteja kutoka kwenye kamba, likanasa kwenye ule mlango. Alipolinasua akaona vitone viwili tu vya kuchomelea, kimoja juu, kimoja chini. Mshonaji anajua kazi hiyo. Unachotaka kidumu unakishona. Unachotarajia kukifumua unakishikiza tu. Machozi yakamtoka. Akapiga simu, nayo ikaita pale pale nyuma ya bati.

"Fundi, kazi yako mbovu."

"Najua. Sikuwa na moyo wa kuimaliza."

"Mlango huu ulikuwa wa nani?"

"Wako. Ua wako wote umezibwa na bati, na geti ni moja tu. Moto ukiwaka ungetokea wapi? Mimi ningepita getini kama watu wengine."

Mshonaji akaweka kiganja juu ya bati, likiwa na joto la jua.

"Basi chukua nyundo," akasema. "Gonga huko kwako. Mimi navuta huku."