Umekaa?

Jua lilikuwa linatua aliposimama kwa fundi wa kando ya barabara kujaza upepo. Pikipiki yake ilikuwa imevuka mabara mawili, na mikono yake ilishaingia ganzi kwa mtetemo. Moyo nao vilevile. Mkewe alizikwa ugenini. Homa ya siku tatu tu, basi. Yeye mume hata chozi hakutoa. Kilichobaki ni kofia ngumu ya marehemu, aliyoifunga kwenye mizigo. Aliapa kuifikisha kwa mama mkwe, kama si binti yake mwenyewe, basi kitu chake.

"Tayari, mkuu," fundi akasema.

Akapanda, akawasha. Mazoea yana tabu. Mdomo ukajisemea wenyewe:

"Umekaa?"

Ndivyo alivyomuuliza mkewe kila walipoondoka, miezi minane ya safari. Naye mke alikuwa akimgonga bega la kushoto mara mbili. Maana yake, twende.

Akauma ulimi. Mjinga mimi...

Ta... ta.

Bega la kulia.

Hakugeuka. Springi za nyuma zilididimia taratibu. Harufu ya udongo mbichi ikampanda puani.

"Haya, mwende salama," fundi akamwambia.

Hakusema uende. Alisema mwende.

Alipaswa kuogopa, lakini hakuogopa. Mfa maji haachi kutapatapa, naye alikuwa amepata cha kushika. Akavigeuza vioo vyote viwili vikatazama chini, akaondoka.

Siku nne alisafiri hivyo. Kila asubuhi aliuliza, kila asubuhi aligongwa. Alizoea hata baridi iliyomkumbatia kiunoni.

"Kesho tuko kwa mama," alinong'ona siku ya tatu. Baridi ikamkaza zaidi.

Walifika mchana kweupe. Mama mkwe alikuwa uani akianika mashuka. Aliposikia injini akageuka na tabasamu la msiba, lile la kumpa mtu moyo.

"Karibu, bab..."

Tabasamu likamfia mdomoni. Shuka likamponyoka.

"Mama, nimemleta," akasema bila kushuka. "Nilimuuliza tu kama amekaa... akapanda mwenyewe."

Mama mkwe alitazama nyuma ya bega la mkwewe. Alitazama muda mrefu.

"Ulipouliza," akanong'ona, "ulimtaja jina?"

Akafikiri. Neno lilikuwa moja tu.

"Hapana, mama."

"Mwanangu nimemzaa mwenyewe. Hata akiwa mfu ningemjua." Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. "Huyu uliyempakia simjui."

Ndipo ganzi ilipomtoka, yote kwa mpigo. Akahisi joto la injini. Akahisi machozi ya kumlilia mkewe hasa, aliyemwacha peke yake kaburini kule. Akahisi na vidole vilivyomzunguka kiunoni, vikakutana mbele, vikapitana, na bado vikaendelea.

"Mama..."

Mlango ukafungwa. Komeo likalia kwa ndani.

Ta... ta.